Zizi Ulilosema Hulijui

Wifi yangu Mwanaisha,

Nakusalimu kwa kuwa mama yangu alinifunza kwamba hata aliyekukosea husalimiwa. Baada ya hapo usitarajie sukari. Darasa langu liliishia la tatu, na barua hii naiandika mwenyewe, polepole, yeyote atakaye aisome. Ulinikana hadharani, sioni kwa nini nikujibu faraghani.

Tuliitwa kikaoni tuseme kama kile kiwanja kilichozungushiwa mabati ndicho kilichokuwa zizi la mnada la Malindi. Kuna bwana amejitokeza, anadai ni shamba la babu yake, pori tupu tangu zamani. Wazee wa zizi wote wameshazikwa, tumebaki mimi na wewe. Ukaja kutoka Mombasa na mkweo mpya, mama mkwe wa mwanao, yule wa watu wakubwa. Ulipoitwa nilikushika mkono, nikajua maneno yako yatatutosha sote wawili. Hata sikujiandaa.

Mwenyekiti akakuuliza kwa adabu, "Bibi, hapa unapafahamu?"

Ukamtazama mkweo, ukajitengeneza buibui. "Hapa palikuwa pori. Mimi sipajui."

Hupajui, wewe! Nani basi aliyekuwa akijaza hori maji kila siku ya mnada, dumu kichwani, ng'ombe wa Waorma wakimzonga kwa kiu baada ya mwendo wote ule kutoka Tana? Ulikuwa ukiwatukana mmoja mmoja kwa jina. Lile dume jeupe uliloliita Bwana Harusi, kwa maringo yake, ndilo lililokutoboa paja kwa pembe. Nikakufunga kwa leso yangu mpya ambayo nilikuwa sijaivaa hata siku moja. Ulipoona damu imeiharibu ukacheka, ukaniambia, "Usinune, shoga. Leso zimejaa dukani, paja nitalipata wapi?"

Tangu siku ile kaka yangu, aliyekuwa akinunua mbuzi wa kupeleka buchani, akawa haishi kuniuliza habari za jeraha lako. Nikamwambia paja la mtoto wa watu haliulizwi hali kila siku, apeleke posa. Na posa yenyewe niliipeleka mimi. Sasa niambie, kama hapakuwa na zizi, kaka yangu alikuona wapi?

Na sheria ya pale unaijua. Mnyama hatoki langoni mpaka asimame mtu aseme, namjua mwenye mnyama huyu, si wa wizi. Kila mtu alikutaka wewe, kwa sababu neno lako halikuwahi kurudi. Unamkumbuka yule mjane wa Marafa aliyekuja na mbuzi mmoja? Hakuna aliyemjua, wachinjaji wakaanza kunong'ona kuwa ameiba. Ukatua dumu, ukaenda ukasimama naye. Nilipokuuliza umemjulia wapi, ukasema mlikutana mara moja kisimani, akakupa zamu yake ya kuteka. Mara moja ilikutosha kumsimamia mgeni. Mimi umenijua tangu hatujaota mvi, na hukunisimamia.

Nilikufuata mpaka kwenye gari. Ukanivuta pembeni, ukanong'ona, "Wifi, wakwe hawajui kwamba nilibeba maji ya ng'ombe. Nisitiri."

Nikusitiri na nini? Maji yale ndiyo yaliyowasomesha hao wanao hata wakapata wakwe wa kuwaogopa. Mimi nimenuka zizi ujana wangu wote, nimeingia arusini na matangani, na hakuna mwanamke aliyejitenga nami mkekani. Heshima gani hiyo inayotaka mwenzio aonekane mwongo? Maana nilipopewa zamu yangu nikasema ukweli, watu walinitazama kama kizee aliyepotewa na akili. Mwenyekiti akasema mashahidi wanapingana, na kikao kikaahirishwa. Wanawake wa Muyeye, kwa kukosa zizi, wanauza mbuzi wao kando ya barabara sasa, wakifukuzwa huku na huku, na mwenye mabati ameshaleta mawe ya kujengea.

Mabati hayaniumi kama wewe unavyoniuma. Yule bwana simjui, anaweza kusema atakavyo. Wewe nilikufunga kidonda.

Kikao cha mwisho ni Alhamisi. Barua hii nitampa mkweo, aliyebaki nyuma yako, akipita kuniaga kabla ya kurudi Mombasa, akufikishie. Sitaitia bahasha. Kama ni msomaji kama unavyomsifu, sasa hivi ameshayajua ya dumu, ya hori na ya paja. Kwa hiyo hilo ulilokuwa ukilificha halipo tena, na kisingizio huna. Kasirika utakavyo, lakini kasirika ukiwa njiani kuja kikaoni.

Nitakuwekea nafasi mkekani kando yangu mpaka nitakapoitwa jina. Nikishaitwa, nitawaambia wasogee, mwingine akae.

Wasalaam,
Wifi yako, dadaye marehemu mumeo