Ratiba na Ndege wa Mpunga

Mjukuu wangu Neema,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu, hata marehemu babu yako. Hapa Minjila tu wazima, na mguu wa bibi yako Rehema, mdogo wangu, umepona.

Unauliza upange vipi masomo ya wanao pacha nyumbani. Nilipokuwa na miaka kumi na sita, mafuriko yalibomoa shule, baba akaniambia nimfundishe Rehema. Mimi na haya zangu, mbele ya watu sauti ilinikauka, lakini kwake nikawa mwalimu mkuu. Nikaandika ratiba ileile ya shule: saa moja Kiingereza, saa mbili hesabu.

"Dada, saa hizi ndege wako kwenye mpunga," akasema.

"Kaa chini. Ratiba ni ratiba."

Kuwinga ndege, kuwafukuza shambani, ilikuwa kazi yake. Walikula nusu ya shamba. Baba aliponiuliza faraghani, nikajibu, "Nilimwambia aende, akakataa." Rehema akajitetea kwamba nilimzuia, akachapwa. Mpaka leo anadhani baba hakumwamini tu; hajui kwamba nilidanganya.

Kesho yake niliichana ratiba. Tukasoma adhuhuri, ndege wakiwa wamepumzika, na asubuhi alihesabu kwa Kiingereza kila donge alilorusha kwa kombeo. Akashika upesi. Basi itazame kwanza siku ya wanao, ndipo uandike saa.

Nasikia nyayo za Rehema zikija mlangoni. Leo nimeificha karatasi hii mara mbili chini ya mkeka. Sasa naiacha mezani, na miwani yangu juu yake, maana miwani yake ya kusomea imevunjika.

Bibi yako