Orodha ya Mwaka Jana

Jumatatu, 4 Novemba 2024

"Mwaka wa kwanza hachagui kozi, anapangiwa." Maneno ya Dokta Edmund, mshauri wetu wa masomo, asubuhi ya leo, mbele ya wanafunzi sitini na wawili wa ualimu, Kiswahili na Historia. Akaongeza kwamba ndivyo ilivyo duniani kote.

Duniani kote! Prospektasi ya chuo chake mwenyewe, ukurasa wa arobaini na moja, inasema kozi sita ni za lazima na ya saba mwanafunzi atachagua moja kati ya nne. Atachagua. Kama tunapangiwa, hizo nne zimewekwa za nini — mapambo?

Nikanyoosha mkono, nikamsomea. Watoto wakacheka. Ninawaita watoto kwa sababu mkubwa wao ana miaka ishirini na miwili, mimi arobaini na nane, na nimefundisha shule ya msingi kule Ilomba, Mbeya, miaka ishirini na moja kabla ya kuja Iringa kutafuta digrii. Dokta akatabasamu. Mama, ukikaa kidogo utauelewa utaratibu.

Utaratibu nimeuelewa leo leo. Mika, mwakilishi wa darasa, anakusanya fomu za usajili za wote. Anatujazia hiyo kozi ya saba, wote moja, mwandiko mmoja. Anazifunga kumi kumi kwa rababendi. Dokta anasaini pembeni bila kufungua bunda. Wanauita kurahisisha kazi. Mimi nauita kumfundisha mwalimu wa kesho asisome anachokisaini!

Jioni nimeanza barua kwa mhariri wa gazeti. Kurasa tatu tayari. Kali.

Jumanne, 5 Novemba

Mika kaja hadi chumbani kwangu Ipogolo. "Mama, umebaki wewe tu, unachelewesha darasa." Nilikuwa katikati ya aya nzuri mno juu ya uhuru wa kuchagua. Nikasaini, akaondoka. Barua sasa kurasa tano.

Jumapili, 10 Novemba

Nimetoka ibadani, nikafungua prospektasi ninakili kifungu kwa ajili ya barua. Safari hii nikasoma hadi chini ya jedwali.

HI 108 — kozi ambayo Mika ametujazia wote — si ya mwaka wa kwanza tena. Mtaala umebadilika mwaka huu. Imehamishiwa mwaka wa pili. Ukiisoma sasa haihesabiki. Mwisho wa mwaka utakuwa na krediti nane pungufu, na asiyetimiza krediti haendi mwaka wa pili. Watu sitini na wawili!

Nikampigia Mika, ameipata wapi HI 108. Akanitumia picha: karatasi ya daftari, imekunjwa, ina doa la chai, kichwa chake "KOZI ZA FIRST YEAR". Ya kaka mmoja wa mwaka wa pili. Yeye aliipata kwa dada wa mwaka wa tatu. Inarithiwa kama kitenge cha bibi, na hakuna aliyewahi kuilinganisha na kitabu.

Nikatafuta nakala ya fomu yangu. Mwandiko wa Mika, HI 108. Chini yake saini yangu, nzuri, ina mkia.

Mimi! Kurasa tano za uhuru wa kuchagua, na fomu sikuitazama.

Nikamweleza mume wangu kwa simu. Asukile alicheka mpaka nikamsikia anatafuta kiti. "Ndaga fijo, asante sana, profesa. Sasa hiyo barua unamtumia mhariri, au unajitumia mwenyewe?"

Nimeichana. Vipande vinne. Kazi iko kwingine, na dirisha la kubadili kozi linafungwa Ijumaa.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimesimama mbele ya darasa kabla ya kipindi cha saa mbili. Nikaanza na kosa langu, ili wasipate la kunirushia. Wakapata.

"Mama, sistimu imekubali, kijani kabisa!" Huyo ni Jackline, anakaa dawati la mbele, mdomo wembe. Mwingine kutoka nyuma: mwaka jana walisoma hiyo hiyo na wote wamevuka. Mika akasema nina presha ya uzee. Kicheko kirefu.

Nikasema sistimu inakubali kwa sababu wa mwaka wa pili wanaisoma. Haijui wewe ni nani. Mlango ukifunguka haina maana nyumba ni yako.

Hawakunyamaza. Lakini Jackline alinisimamisha nje. Twende usajili, Mama, tukuthibitishie kwamba umekosea. Tukaenda. Karani akafungua kompyuta, akaingiza namba ya Jackline, akakunja uso. Semesta hii ulitakiwa uwe na krediti sitini, akasema, una hamsini na mbili.

Jackline alitembea nami hadi kwenye ngazi. Kisha akakimbia! Nilipofika darasani, tayari yuko juu ya kiti, anawafokea watu kwa maneno yangu, tena kayapanga vizuri kuliko mimi.

Jumatano, 13 Novemba

Leo Dokta Edmund. Nilikwenda na Jackline na Mika. Mika hakutaka, tulimshika mkono kama mgonjwa.

Dokta akaanza tena na utaratibu. Nikaweka prospektasi mezani, ukurasa wa arobaini na moja, kidole chini ya jedwali. Akasoma. Akavua miwani, akasoma tena bila miwani. Mika akamwonyesha picha ya ile karatasi, Dokta akauliza nani aliwapa watoto orodha hii. Nikasema orodha ni ya mitaani, lakini saini sitini na mbili ni zake, Dokta, na moja kati ya fomu hizo ni yangu, kwa hiyo wote wawili tulisaini tukiwa tumelala.

Mika anaangalia viatu.

Sikutarajia alichosema Dokta. Akasema basi waje. Si kwa bunda. Kila mtu na fomu yake ya kubadili, kozi ameandika mwenyewe, anakuja mwenyewe, mwisho Ijumaa saa kumi na moja jioni. Mmoja mmoja? nikauliza. Mmoja mmoja.

Nimeshinda! Nilitoka ofisini mle nikitembea kama bibi harusi. Jackline alipiga kigelegele kwenye korido, mlinzi akaja kuuliza nani ameolewa.

Alhamisi, 14 Novemba

Arobaini na nne wamesaini. Foleni hadi kwenye bomba la maji.

Dokta anamuuliza kila mmoja: kwa nini hii? Wa kwanza waliduwaa. Kuanzia wa kumi, walianza kubishana naye. Jackline kachukua Fasihi Simulizi, akamweleza kwamba bibi yake Njombe ana hadithi ambazo hakuna aliyeziandika. Dokta akaandika jina la bibi pembeni ya karatasi!

Mika alinifuata. "Mama, nichague ipi?" Nikamuuliza anapenda nini. Kijana wa miaka ishirini, ndiye aliyetuchagulia wote, hajawahi kuulizwa. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo: ramani. Kachagua Jiografia ya Kihistoria. Ameondoka mrefu zaidi.

Mimi Falsafa ya Elimu. Nilisoma jedwali hadi chini. Mara tatu.

Ijumaa, 15 Novemba

Saa kumi na dakika ishirini. Naandika nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi. Sitini wamesaini. Sitini!

Wamebaki wawili, Anjela na Aroni. Jumatano mchana walikwenda Mbeya, kwenye send-off ya dada yake Aroni, Iyunga. Niliwakataza. Wakasema wameshasajiliwa, mambo yangu ni ya wazee. Jackline kawapigia jana hadi wakaamini. Sasa wako kwenye basi, limesimama mzani, linapimwa. Ujumbe wa mwisho wa Anjela: Mama tusaidie.

Saa kumi na nusu. Mika ana fomu zao mbili na kalamu. Tuwajazie tu, anasema, kozi yoyote, saini nazijua, Dokta hatagundua. Nimezikalia zile fomu. Kweli kabisa, ziko chini yangu.

Saa kumi na dakika arobaini. Dokta Edmund amefungua mlango. Nilidhani anaondoka. Ameuliza: wale wawili wako wapi? Ameangalia saa ya ukutani, amerudi kukaa, mlango ameuacha wazi.

Mika ananiomba kwa macho. Krediti nane, Mama, mwaka mzima wa mtu.

Dakika arobaini na tano. Simu inalia, ni Aroni. Wameshuka Ipogolo. Kauliza kitu kimoja: tuandike kozi gani?

Hapana! Nimekata. Nimeandika hili hapa, sasa nalituma neno kwa neno:

Anjela, Aroni. Chukueni bajaji, pandeni mlima mje chuoni sasa hivi. Kozi ni nne, picha ya ukurasa ninayo, nawatumia. Isomeni njiani hadi mstari wa mwisho. Mkifika mlangoni msiniulize mchague ipi. Mniambie.