Vitambaa vya Mama Akoth

Shosho, bibi yangu,

Nakusalimu kutoka Nakuru. Jua linachoma, ile sweta uliyonifumia imelala kwa begi. Leo nilisindikiza wageni wa chuo waliokuja kutembezwa mtaa wa Rhonda. Aliyetuongoza aliahidi kutuonyesha nyumba halisi ya mtu wa kawaida, akatuingiza kwa Mama Akoth. Viti vilikuwa mbao tupu, vikombe vya bati. Wageni wakafurahi, wakapiga picha.

Akimimina chai, Mama Akoth akaniuliza natoka wapi. Niliposema Molo, akaweka birika chini.

“Mtoto wa wenyewe akunywe chai kwa kiti haina kitambaa? Haiwezekani!”

Akavuta mfuko kutoka chini ya kitanda, akatandika vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya kila kiti, akatoa na vikombe vya maua.

“Mathe, si tulisema waone nyumba vile iko?” kiongozi wetu akalalamika.

“Hii ndiyo nyumba yangu, boss. Ile ingine ilikuwa yako.”

Akatuuliza majina, akatuombea kila mtu kwa jina lake, ndipo tukanywa. Nilimshukuru sana.

Mungu akutunze na hiyo baridi ya Molo. Nikirudi, usiondoe tena vitambaa vya wageni ukiniona mlangoni, ati kwa kuwa mimi ni wa nyumbani. Acha na mimi nivikalie.

Wako, Wanjiku