Fungu Langu Katika Kaseti ya Paluko

Kabondo, Kisangani
Tarehe 18 Novemba 2001

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Annette,

Pokea salamu zangu kutoka huku mtoni. Mmeamkaje hapo Goma? Mtoto Générose amepona kikohozi? Na shemeji Kasongo, mgongo umemwachia? Sisi tupo, Mungu asifiwe. Matokeo ya diploma yametoka: nimefaulu kwa asilimia hamsini na sita. Usicheke. Shule imekwisha, sasa namsaidia Mama kuuza mikate sokoni Mangobo. Bado naona haya kuwaita wateja, basi wananunua kwa wanaopiga kelele.

Najua Mama ameshakuandikia kuhusu matanga ya kaka yetu Paluku. Ameweka tarehe nane Desemba. Anasema tumengoja vya kutosha tangu apotee, na mtu asiyeliliwa hapumziki. Yaya, wewe ndiye anayekusikiliza. Nakuomba umwambie aahirishe. Sababu nitakueleza polepole, maana nyingine ni ya aibu kwangu.

Unakumbuka mchezo wetu wa video wa Kapita, yule kijitu wa koti jekundu anayepita chumba kwa chumba akiokota matunda? Umerudi. Katika kibanda cha michezo cha Papa Jafari, nyuma ya soko, kuna kaseti mpya kutoka Dubai, mchezo uleule ndani ya gamba la bluu. Nilifurahi hadi nikasahau beseni la mikate nje. Lakini muziki wameuharakisha, rangi zimepauka, na kaseti haihifadhi tena jina la mchezaji. Dakika kumi kwa bei ya mikate sita! Nikajikaza, nikamwambia kwamba ule wa zamani ulikuwa mzuri zaidi.

Papa Jafari akapiga makofi. «Bon, leo nimepata mutu mwenye anajua! Ya zamani iko, petite. Lakini bei yake iko mara mbili.»

«Mara mbili, Papa, na imezeeka hivi?»

«Kwani mama yako akizeeka unamupunguza bei? Ile mupya inasahau. Hii inakumbuka.»

Akaitoa kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Yaya, pembeni ina kovu la msumari wa moto, ile herufi P aliyoichoma Paluku. Ni yetu.

Nikalipa. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa PALUKO. Unakumbuka alivyokosea herufi ya mwisho, mashine ikakataa kufuta, nasi tukamwita Paluko mwezi mzima? Mpaka vita vilipotukuta alikuwa amekwama chumba cha saba. Sasa imeandikwa kumi na mbili.

Nikabonyeza jina. Kapita akatokea, amesimama, mabega yakipanda na kushuka, kama afanyavyo akiwa anangoja kuamriwa. Nje jua lilikuwa kali na baiskeli zinapita, lakini mimi niligeuka kutazama nyuma yangu. Ilikuwa kama mtu ameinuka dakika ileile na kiti bado kina joto.

Nikamrudisha nyuma. Kumi na moja, kumi, tisa, nane. Kila chumba kilikuwa kimeokotwa chote, isipokuwa tunda moja, pembe ya kushoto. Moja katika kila chumba. Unajua hilo ni nini, yaya. Ni fungu langu, lile alilokuwa akiniachia kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikifa haraka mchezoni. Najua mtu mwingine anaweza kuokota kaseti na kuendelea kwa jina lisilo lake. Nimelifikiria hilo siku nne. Lakini mtu huyo angemwachia nani fungu?

Sikugusa hata moja. Nikazima kabla dakika zangu hazijaisha.

«Petite, umelipa na unakimbia! Umeona muzimu?»

Nikamwuliza tu aliipata wapi. Kwa Mama Clémence, akasema, yule anayefuata mchele Banalia. Nilimtafuta sokoni kesho yake. Aliipokea huko kwa kijana mmoja, kwa kikombe cha chumvi. Mama Clémence anakumbuka sura ya kila anayemdai punguzo, lakini sura ya kijana huyo haimjii kabisa. Anakumbuka neno lake moja tu: aliuliza kama kaseti itafika Kisangani.

Sasa ile ya aibu. Mama anaamini kwamba tulipokimbia mabomu ya Juni mwaka jana, Paluku alirudi nyumbani kuchukua karatasi za marehemu Papa. Si kweli. Mimi nililia kwa ajili ya kaseti. Alinicheka, akasema, «Ngoja hapa, Plamedie, nakuletea Kapita wako.» Nilisimama pale mpaka Mama akanivuta mkono. Sijawahi kumwambia mtu. Lakini nisiposema, Mama hatajua kwamba aliyeifuata kaseti ile ni Paluku.

Mama Clémence anaondoka tena tarehe tatu. Nimemwomba niende naye kumtafuta kijana yule, mimi nisiyeweza hata kuita mteja. Mwandikie Mama anipe ruhusa, na matanga yangoje nirudi. Nikirudi mikono mitupu nitavaa nyeusi na kulia pamoja nanyi. Kaseti imo mkebeni. Nimempa Papa Jafari mikate ya wiki nzima asiichezeshe kwa mtu.

Jibu lako mpe Mama Berthe, aliyekuletea barua hii; anarudi na ndege ya Alhamisi. Msalimie shemeji, mbusu Générose mashavu yote mawili. Mungu awafunike usiku, awaamshe wote bila kupungua.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda, na ambaye bado anangoja palepale alipoambiwa,

Plamedie