Kitambaa cha Wifi Rispa

Ayuma mjukuu wangu,

Sisi ni wazima, mahindi yametoa mbelewele, na wewe hupigangi hata simu. Kwenye barua yako unauliza mbona sikusema neno kwenye matanga ya Rispa, dada ya babu yako. Sikuwa na uso wa kusimama. Siku zile Rispa alipoanza kuyumba na kuongea kama mlevi, nilimvua kitambaa cha kanisa kichwani mbele ya akina mama.

"Rudi kwa busaa yako," nikamwambia.

"Wifi, sijaonja."

Tukacheka.

Baadaye daktari alisema ni kansa ya titi. Mwili ukipigana nayo ukaumiza ubongo, ndiyo maana aliyumba. Nikampelekea kitambaa chake. Mikono yake ilikataa kukifunga, akainamisha kichwa, nikamfunga. Msamaha sikuomba, Ayuma. Kiburi kilinikaba, na sasa hayupo.

Kukhu wako