Chupa Tulizompa Madamu

Kambi ya Nakivale, Uganda, siku ya tatu ya juma

Yaya Espérance, dada yangu mkubwa,

Barua hii nimeifunga kwa bugali kwa sababu gundi hakuna, kisha nikaishona kando kwa uzi mweusi. Ukikuta uzi umekatwa, ujue wameisoma njiani, na usinijibu lolote juu ya mambo yaliyomo. Unaamkaje huko Uvira? Kifua cha Bibi kimetulia? Mtoto wako ameshaota meno? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe, isipokuwa mdogo wetu Josué. Anacheza siku tatu, anatapika siku mbili, anacheza tena. Amekonda, Yaya.

Unajua siwezi kusema mbele ya watu. Lakini mwalimu alinichagua kwa sababu nilisoma Kifaransa huko kwetu na Kiingereza hapa, sijui nani alimwambia kwamba lugha mbili zinaleta ujasiri. Kuna mama mmoja wa Mbarara, tunamwita Madamu, alikuja na sanduku la chupa ndogo kusaidia watu kujua kama dawa za shamba na za mifugo zimeingia katika maji ya kunywa. Kazi yangu ilikuwa kugeuza maneno yake, nyumba kwa nyumba. Mnachota wapi? Jirani ananyunyizia nyanya zake nini? Na pipa lenu, kabla ya kuwekwa maji, lilikuwa na nini?

Swali hilo la mwisho ndilo lililochoma watu. Pipa letu lilikuwa la dawa ya kupe. Alilitoa Baba Moïse, jirani yetu mwenye ng'ombe. Mama aliliosha kama wote wanavyoosha hapa: majivu, mchanga, majani ya mkaratusi, kisha anaingiza kichwa ndani ananusa. Harufu ikiisha, wanasema sumu imekwisha. Maji ya pipa hilo ndiyo tunayokunywa, na ndiyo Mama anayokorogea bushera, ule uji wa mtama anaouza sokoni. Madamu alieleza kwamba dawa inaweza kubaki ndani ya plastiki bila harufu yoyote, na kwamba ukichemsha, wadudu wanakufa, dawa haifi. Nilipoyageuza maneno hayo nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Hakuna aliyeamini. "Kwanza bataandika," Baba Moïse alisema, "kisha batahesabu, kisha bataleta kamio ya kubeba batu, tutajikuta kambi ya Oruchinga." Mwanamke mmoja akaniuliza, "We katoto, huyu Madamu anakupaka mafuta gani?" Nami, nikuungamie, sikumwamini pia. Kwa nini aandike namba ya kiwanja cha kila mtu, kama shida ni maji tu?

Ndipo kila nyumba ikapewa chupa, ijaze maji yake ya kunywa, irudishe asubuhi. Mama akanishikisha ya kwetu.

"Kimbia ku robine ya dispensaire, ujaze kule."

"Mama, amesema ya pipa."

"Mugeni banamupa maji ya pipa? Unataka aende kutucheka kule Mbarara?"

Nilikwenda. Na kule kwenye robine, lile bomba la zahanati, Yaya, nilikuta mtaa mzima umepanga mstari, kila mtu ameficha chupa yake ndani ya kitenge au mfukoni, hakuna anayemsalimu mwenzake. Baba Moïse akajifanya anakohoa. Nilijaza yetu, asubuhi nikairudisha.

Majibu yalisomwa mbele ya kanisa, baada ya majuma kadhaa. Nyumba zote, maji mazuri. Watu wakapiga makofi. Mama akanidunga kiwiko: "Umeona? Na pipa yangu mulikuwa munaisema!" Alikuwa amekuja na bushera yake, akammiminia Josué kikombe kizima kwa furaha. Nilimwona mtoto anakunywa mpaka mwisho, na gari la Madamu lilikuwa linageuza kuondoka.

Nikakimbia. Nilimwambia habari ya robine kwa Kiingereza, mdomo kwenye dirisha, ili mtu asisikie. Akazima gari.

"Nani alifanya hivyo?"

"Sisi wote. Mimi pia."

Kesho yake alirudi, na safari hii akachota mwenyewe. Hakutaja jina langu. Haikusaidia, maana mtaa mzima ulikuwa umeniona. Madamu alikulia kambi ya polisi, ana Kiswahili kidogo cha huko. Alimwambia Mama, "Mama, mimi nataka ile maji mutoto anakunywa. Si ile ya mugeni."

Mama akasimama mbele ya pipa, mikono kiunoni, akanigeukia mimi.

"Sifa, dirisha ya gari ni tamu?"

"Mama..."

"Nililima shamba za batu juu usome. Leo unaniuza na ile lugha."

Josué alikuwa mkekani, ametapika tena. Mama alimtazama, kisha akasogea kando Madamu achote.

Chupa ziko Mbarara. Madamu amesema tusinywe ya pipa mpaka majibu yaje, na Mama anachota kwenye robine, lakini hanisemeshi. Anamtuma Josué: "Ambia mutu wa Madamu alete chumvi." Kanisani benchi langu lina nafasi kubwa. Nami nimekuwa mtu wa kushuku kila kitu. Nashuku Baba Moïse alijua dawa haijaisha alipotoa lile pipa. Nashuku kama Madamu ataandika kweli. Hata Mama, Yaya. Siku moja nilimwona ananusa lile pipa mara mbili.

Nisalimie Bibi, umshikie mikono yote miwili. Nisalimie baba mdogo fundi viatu, na mama mkwe wako aliyenifundisha kusuka.

Nina neno moja la kukuuliza. Nikipiga magoti sijui niombe nini. Majibu yakija mabaya, Mama ameuzia watu sumu, na Josué ameinywa muda wote huu. Yakija mazuri, nimemwaibisha Mama bure, na mtoto anaumwa kitu ambacho hakuna anayekijua. Naanza vizuri, nafika kwenye jina la Josué, narudi mwanzo. Wewe umeomba miaka mingi kuliko mimi. Niambie niombe lipi.

Mdogo wako,
Sifa