Mikono Iliyobaki Nyumbani

Njia ya Kinu 4,
Courvaldin,
Jumapili, 19 Juni 2011.

Mpendwa mdogo wangu Solange,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Hujambo wewe huko ng'ambo, na shemeji Ernesto, na watoto? Mgongo wako umepata nafuu, au bado unabeba magunia kama kijana? Sisi hatujambo. Mama anakula, analala, na mara nyingine ananiita kwa jina lako. Mimi ni mzima, ila nimechoka, uchovu ule ambao usingizi hauuondoi.

Nina habari moja, na afadhali uisikie kwangu. Ijumaa mkutano wa kijiji uliamua tuungane na Pontreval. Kuanzia Januari Mosi, Courvaldin haitakuwa na meya wake wala mkutano wake. Kwenye pasipoti za huku walizo nazo wanao, pale panapoandikwa kijiji cha asili yao, siku ya kuzibadilisha wataandikiwa Pontreval. Wale Vyura wa bondeni tuliokuwa tukiwacheka shuleni ndio wametumeza.

Unajua kijiji hiki hatukupewa zawadi na mtu. Waliokianzisha walikuwa wachoma makaa. Msitu ulipowaishia wakafuga farasi. Baridi ilipowafungia ndani wakakaa madirishani kutengeneza vipuri vya saa. Moto uliteketeza nyumba zote isipokuwa kanisa, wakajenga upya bila kuiomba Pontreval hata msumari. Babu alipozaliwa tulikuwa watu mia sita. Leo tupo 218. Nusu ni sisi wa siku zote, na nusu wamekuja kujenga kwa sababu viwanja ni rahisi. Wengi wao wanafanya kazi mjini, huku wanarudi kulala. Sigombani nao. Karakana yangu ya kung'arisha makasha ya saa, niliyoianza na mashine moja kuukuu ndani ya zizi, inalisha familia kumi na moja, na nne kati ya hizo ni za hao wageni.

Kinachoniuma ni namna tulivyoshindwa. Unaikumbuka desturi: kila jiko hupeleka mtu mmoja mkutanoni. Sheria ilibadilika zamani, kila mtu mzima ana mkono wake, mume kwa mke. Lakini watu wetu bado wanaona haya kwenda wawili, kana kwamba ni ulafi. Juma zima nilizunguka nyumba kwa nyumba. Rossé, jirani yetu wa juu, nilimkuta anageuza nyasi.

"Ijumaa njoo na Madeleine," nikamwambia.

"Mke wangu aje kufanya nini? Sauti yangu inatosha ukumbi mzima."

"Sauti haihesabiwi, Rossé. Inahesabiwa mikono."

"Ah, Odile na hesabu zake! Na ng'ombe akamue nani, padri?"

Ijumaa wageni walikuja mume na mke, wakajaza viti vya mbele. Wetu walikuja mmoja mmoja, nywele zimechanwa kwa maji, wakasimama nyuma kama walivyosimama baba zao. Rossé alisema vizuri, hilo siwezi kumnyima. Hata wageni walimpigia makofi. Kisha mikono ikainuliwa. Wanaotaka kuungana, 47. Wasiotaka, 39. Na majumbani kwetu walibaki watu thelathini na zaidi, wanakamua.

Tulipotoka tulimkuta Madeleine barabarani na buti zake za zizini.

"Tumeshinda?"

Watu wakampita, wakaelekea majumbani kwao. Akamgeukia mumewe. "Si nilikuambia nije? Mzee mbishi wewe, si nilikuambia?"

Rossé akavua kofia, akaivaa tena, akaenda zake.

Sasa fanya hivi: waombee watoto hati ya asili yenye jina la Courvaldin mapema, kabla ya Desemba, maadamu karani wetu bado ana muhuri wake. Usiseme utafanya kesho. Nakujua.

Jana wenzetu walikuja hapa nyumbani, Rossé mbele yao. Katika baraza jipya tumepewa kiti kimoja kati ya tisa, na wanataka nikikalie mimi. Niliwaambia nimechoka, nina miaka sitini na mitatu, tafuteni mwingine. Wakatazama sakafu. Nani, basi? nikawauliza. Hata Rossé mwenye sauti alikuwa anajikuna kidevu tu. Nimekubali, Solange. Mmoja mbele ya wanane, hesabu hiyo hata mtoto anaijua. Nitakwenda, ila sijui kama naenda kukitetea kijiji au kukaa matanga yake.

Nisalimie sana shemeji Ernesto, na wanao Matías na Bruno. Waambie mama yao mkubwa wa huku hajawasahau, wala bibi yao. Mama anakubariki. Mkono wake hauandiki tena, nimemshikia kalamu, na huo msalaba ulio chini ni wake. Mungu awatunze nyote na awape mvua ya kiasi.

Ni mimi dada yako nikupendaye,

Odile

✝